Paka wetu ana saratani, na binti yangu anaomba tumngoje

Shikamoo Shangazi,

Naomba usinicheke, maana nyumbani na mwaloni, sokoni kwetu kando ya ziwa, nimeshachekwa vya kutosha. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Ujiji, nafanya biashara ya dagaa pale Kibirizi. Shida yangu ni paka.

Tunaye paka jike, mweusi tii, anaitwa Chausiku. Binti yangu mkubwa alimwokota mtaroni usiku wa mvua akiwa darasa la tatu, kipaka ambacho hata macho kilikuwa hakijafumbua sawasawa, akakinywesha maziwa kwa ncha ya kitambaa mpaka kikasimama. Leo Chausiku ana miaka 12, na binti yuko mwaka wa pili chuo kikuu, Dodoma. Miaka yote hiyo paka alikuwa akilala miguuni kwake. Binti alipokwenda chuo akahamia kwangu. Nikiamka saa kumi alfajiri kwenda kupokea dagaa, yeye ndiye hunisindikiza hadi mlangoni.

Kuanzia Machi nikaona anadondosha chakula. Nikadhani jino. Baadaye akaanza kutokwa na ute, mara ute ukawa na damu na harufu mbaya. Nikamwita daktari wa mifugo, akamfungua kinywa: chini ya ulimi kuna uvimbe umeshika mpaka kwenye taya. Akakata kinyama kikapelekwa kupimwa, majibu yakarudi kwamba ni saratani. Alinieleza kwamba upasuaji wake ni wa kuondoa taya, kwa huku haufanyiki, na hata ukifanyika ugonjwa huu mara nyingi hurudi. Akaniachia dawa ya maumivu ya matone, kisha akasema, "Mama, siku ukiona imetosha nipigie, nitakuja nimpumzishe kwa sindano."

Shangazi, imetosha ni lini? Hapo ndipo nilipokwama.

Jana nilichemsha mgebuka, nikatoa miba yote, nikauponda na mchuzi wake ukawa laini. Chausiku akaja mbio kwa harufu kama zamani. Akanusa, akalaza kichwa upande, akaramba mara mbili, halafu akarudi nyuma akaanza kujipapasa taya kwa mguu wa mbele. Akakaa pale anaitazama sahani. Hakula, na hakuondoka. Mimi nikaenda jikoni kulia. Lakini leo asubuhi karamba supu, kaja kulala mapajani kwangu ananguruma kifuani vile paka wanavyofanya wakiridhika. Nikajiambia, huyu bado anataka kuishi, mimi ni nani nimkatie?

Mume wangu anasema ada ya chuo haijaisha na mimi natafuta hela ya sindano ya paka. Anataka ampeleke soko la Mwanga usiku amwache huko, "atajua mwenyewe." Mama mkwe, ambaye ninamheshimu sana, ameniambia baada ya swala ya alasiri kwamba roho haitolewi ila na aliyeiweka, nimwache mnyama afe siku yake. Jirani ananishauri nimpe panado ya watoto.

Na binti. Nilimwambia kwa simu kwamba Chausiku anaumwa, akalia, akasema, "Mama, msimfanye chochote mpaka nirudi. Niahidi." Nikaahidi. Mitihani yake inaisha baada ya wiki tano. Kila Jumapili ananiomba picha. Nampiga Chausiku akiwa amejikunja, upande wa kulia ambao ni mzima, ili mtoto asivurugikiwe na masomo.

Nikingoja, naogopa anateseka kwa ajili ya ahadi yangu. Nisipongoja, naogopa binti hatanisamehe. Na moyoni kuna sauti inasema paka mwenyewe atatuonyesha siku yake ikifika. Nishauri, Shangazi.

Mama Chausiku, Ujiji

* * *

Marahaba, mwanangu.

Sikucheki. Mnyama aliyekaa nyumbani miaka 12 ni mtu wa nyumba hiyo, na anayemlilia hana la kuonea haya. Naona umebeba mambo mengi kwa mkupuo: uliahidi, mnyama anaumia, na kila mmoja nyumbani anakuvuta upande wake. Wao wana kauli. Wewe ndiye unayeponda samaki na kufuta ute.

Nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, nalo ni zile picha za upande wa kulia.

Najua kwa nini unafanya hivyo. Mzazi aliye mbali na mwanawe wakati wa mitihani hutafuta kila njia ya kumpunguzia mzigo. Ila hebu jiulize, binti amekuomba umngojee paka yupi? Kwa macho yake ni yule aliyemwacha alipofunga likizo, na anayemwona kila Jumapili amejikunja vizuri. Huyo, ndiyo, anaweza kungoja wiki tano. Anayekaa mbele ya sahani asiweze kula, binti hajamwona. Ahadi aliyokuomba aliiomba bila kujua anachokiomba, nawe uliitoa ukiwa unajua. Hapo ndipo uzito wote umekuangukia peke yako.

Tena umekwishamjibia kwamba hatakusamehe. Labda ni kweli. Ila huenda litakalomuuma zaidi ni kurudi Julai, akamfungua paka wake kinywa, akatambua kwamba alilala njaa wiki kadhaa kwa ajili ya sentensi moja aliyoisema kwenye simu. Simjui binti yako, wewe unamjua. Najua tu kwamba huyu ndiye aliyekaa macho usiku akinywesha kipaka maziwa kwa kitambaa. Si mtu wa kukimbia mnyama anayeumwa.

Kumwambia kuna hatari yake, sitakuficha. Anaweza kushindwa kusoma, anaweza hata kupanda basi katikati ya mitihani. Unaweza kumpa nafasi ya kuchagua mwenyewe wakati wa kusikia. Mwambie, "Mwanangu, nina habari za Chausiku, si nzuri. Nikueleze leo, au una mtihani kesho nikueleze ukimaliza?" Yeye ni mtu mzima sasa. Akisema leo, mweleze bila kupunguza: uvimbe uko wapi, anakula kiasi gani, daktari amesema nini, mama mkwe amesema nini. Picha ya upande wa pili mtumie akiitaka. Kisha usimwulize "tumuue au tusimuue," maana swali hilo litamponda. Muulize, "Kama ungekuwa hapa, ungemtakia nini?" Mtu akiulizwa hivyo huacha kujifikiria na kuanza kumfikiria mgonjwa.

Sasa nije kwa Chausiku mwenyewe, na ile sauti inayosema atakuonyesha siku yake.

Wapo wanyama wanaoonyesha. Paka si hodari wa hilo. Kwa asili yake huficha maumivu, kwa sababu porini mnyama anayeonekana dhaifu huwindwa. Ndiyo maana wengi hupelekwa kwa daktari ugonjwa ukiwa umefika mbali. Na kule kunguruma kusikupe jibu upesi. Paka hunguruma akiridhika, lakini hunguruma pia akiumwa au akiogopa, na madaktari wa wanyama huusikia mngurumo huo hata kwa paka waliovunjika mifupa. Sisemi leo asubuhi hakufurahi mapajani kwako. Inawezekana kabisa alifurahi, na taya linamuuma. Yote mawili hukaa ndani ya mnyama mmoja kwa saa ileile.

Ulichokieleza kuhusu sahani kinanigusa zaidi kuliko mngurumo. Paka asiyetaka chakula huenda kajikunja chini ya kitanda. Wako anakitaka, anakimbilia harufu, na kinywa kinamkatalia. Saratani ya kinywa kwa paka mara nyingi humaliza kwa njia hiyo: njaa na kiu, huku tamaa ya kula bado ipo. Na paka, hasa aliyekuwa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula kitu, mafuta huanza kujaa kwenye ini na ugonjwa wa pili huja juu ya wa kwanza. Nakueleza haya kwa sababu mtu akisema "afe siku yake" huwa anaona picha ya mnyama mzee anayelala asiamke. Wapo wanaokufa hivyo. Kwa ugonjwa huu usiliweke hilo kuwa tegemeo lako.

Kuna njia ya kujisaidia kuona. Daktari mmoja wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, bingwa wa saratani za wanyama, mwaka 2004 alitoa mizani ambayo madaktari wengi huitumia hadi leo. Unampa mnyama alama kuanzia 0 hadi 10 kwa mambo saba: maumivu amedhibitiwa kiasi gani, anakula, maji mwilini yanatosha, ni msafi, ana furaha, anatembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Jumla ikizidi 35 kati ya 70, huonekana bado inafaa kuendelea kumtunza. Mimi siamini kwamba namba inaweza kukuamulia jambo kama hili. Faida yake ni nyingine. Leo ameramba supu umepata tumaini, jana hakula ukalia. Ukihukumu kwa siku moja utayumba mpaka Julai. Andika kwenye kalenda ya ukutani, kila usiku, kwa kalamu. Baada ya siku kumi utaona mwelekeo, na binti pia ataweza kusomewa.

Utaniruhusu niseme jambo moja gumu. Unaandika kana kwamba sindano ni uamuzi na kungoja si uamuzi. Kungoja nako ni kuamua, na kuna gharama anayeilipa paka. Pengine gharama hiyo ni ndogo na inastahili. Wiki moja ya kuwa naye ukiwa umemdhibiti maumivu ni zawadi kwenu nyote. Ila iwe umeichagua kwa macho wazi, ukijua unangoja kwa ajili ya nani.

Ukichagua kungoja, mrudie daktari sasa, usisubiri azidiwe. Mwambie dozi ya matone haitoshi, kwa maana paka anayejipapasa taya baada ya kuramba mara mbili bado anaumia. Dawa za maumivu za paka zipo, hupimwa kwa uzito wa mwili, na dozi ya mwanzo huenda si ya mnyama aliyekonda leo. Muulize kama kuna ya kuongezea. Chakula kisage kabisa kiwe kama uji, kiwe vuguvugu, bila chumvi na bila kitunguu, kwani kitunguu huharibu damu ya paka. Mwekee maji kwenye chombo kipana kisicho na kina.

Panado usimpe, mwanangu, wala ya watoto, wala robo. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua, na kifo chenyewe ni cha kukosa pumzi na kuvimba uso. Jirani amesema kwa nia njema, mshukuru, na umweleze naye ajue. Dawa nyingine za watu za maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, nazo ziache.

Mama mkwe wako nisingependa umwone kama kizuizi. Ukimsikiliza vizuri, anaogopa kudhulumu kiumbe, na wewe unaogopa hilohilo. Zungumza naye kutokea hapo. Waislamu wengi wanaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, iliyomo kwa Bukhari na Muslim: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Na katika Sahihi Muslim imo ile ya Mtume, kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja mnyama. Wanazuoni hawana kauli moja juu ya kumpumzisha mnyama asiyetarajiwa kupona. Wapo wanaokataa, wapo wanaoruhusu ikiwa anateseka na hakuna dawa. Kwa hiyo usibishane naye kwa kunukuu mimi. Mwombe mwende pamoja kwa sheikh wa msikiti wenu, na mueleze kila kitu: majibu ya kipimo, taya, njaa. Swali la "je, inafaa kuua paka" lina jibu lake, na la "paka huyu, mwenye hali hii" huenda lina jingine. Na kabla ya hapo, mwombe mama akae nawe siku moja wakati wa kumlisha. Aone mwenyewe ile sahani.

Mume wako ana hoja moja ya kweli, nayo ni hela. Ada ni ada. Muulize daktari bei waziwazi, ya dawa za wiki tano na ya sindano, kisha kaeni chini na mume wako mkiwa na namba mkononi badala ya hasira. Inawezekana kungoja ndiko kutakakogharimu zaidi. Lakini kumpeleka soko la Mwanga usiku, hapana. Kwenye hili sitakupa pande mbili. Paka asiyeweza kufungua kinywa hatajitafutia chochote sokoni, atakufa kwa njaa akipigwa na mbwa na watoto, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Mume wako labda hajafikiria mpaka huko. Wanaume wengi husema "katupe" kwa sababu hawawezi kutazama.

Ukiona siku imekaribia, jua kitakachotokea, maana hofu nyingi hutokana na kutojua. Ikifanywa vizuri, kwanza huchomwa dawa ya kumlegeza, naye husinzia dakika chache mahali alipozoea, hata mapajani. Akishalala fofofo ndipo hupewa dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, mara nyingi pentobarbitali, kwenye mshipa. Moyo husimama ndani ya dakika chache. Macho hubaki wazi, mkojo unaweza kutoka, na mwili unaweza kuvuta pumzi moja mbili za mwisho baada ya kuwa hajisikii tena. Usidhani ameamka. Muulize daktari mapema atatumia dawa gani. Ipo ya kusimamisha moyo, kloridi ya potasiamu, ambayo humuumiza sana mnyama akichomwa bila kulazwa kwanza kabisa. Swali hilo si utovu wa adabu. Daktari mzuri atalijibu. Hakikisha pia amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Kuzika ni chini sana, mita moja au zaidi, kwa kuwa dawa hubaki mwilini na mbwa akifukua akala naye anaweza kufa.

Binti anaweza kuwapo kwa simu ya video, ikiwa anataka. Wengine hilo huwatuliza, wengine huwaachia taswira wasiyoipenda, kwa hiyo mwachie aseme. Anaweza pia kuzungumza na Chausiku siku iliyotangulia na asitake kuona zaidi. Watoto wako wadogo nao watauliza. Waambie amekufa, usiseme amelala, wasije wakaogopa kulala.

Na kuna njia ya katikati ambayo hukuitaja. Wewe na binti mnaweza kukubaliana siku ya mbali zaidi, labda siku ya mtihani wake wa mwisho, na pamoja nayo mkaweka masharti ya kutofika hapo. Akikaa siku nzima bila kumeza chochote. Akitokwa na damu isiyokatika. Akianza kujificha asitake kuguswa. Moja likitokea, daktari anaitwa siku hiyohiyo bila kikao kingine. Hatari ya njia hii ni kwamba dharura hupenda usiku, na unaweza kujikuta na paka anayevuja damu huku daktari yuko Kasulu. Basi muulize wiki hii: huwa anakuja usiku? Asipokuwepo ni nani wa pili? Dawa anayo au lazima aiagize? Kama jibu ni kwamba lazima iagizwe, hiyo itabadilisha hesabu yako ya siku, na binti anapaswa kulisikia hilo nalo kabla hajakuambia umngoje au usimngoje.

Niandikie tena mkishazungumza.

Shangazi